Funzo: Kupanga Safari Fupi ya Milimani



Sisi wa darasa la sita tulipanga kwenda Bukavu siku 5 tu. Mmoja wetu ana nyanya yake kule, yule aliyemlea. Wengine tulitaka kuona ziwa Kivu na kusikia baridi. Tulikaa na daftari, tukapanga vibaya. Makosa yetu njo funzo la leo.

1. Mwezi gani? Tuliandika mwezi wa 10, juu ya kitabu kimoja cha Kifaransa kinasifu milima ya Ulaya wakati majani yanageuka mekundu. Lakini Bukavu iko kusini ya ikweta: mvua inarudi mwezi wa 9 na inaendelea mpaka wa 5. Ukavu ni mwezi wa 6 mpaka wa 8. Sisi wa Kisangani tunanyeshewa karibu mwaka mzima, kwa hiyo hatuna desturi ya kuuliza. Tulifuta, tukaandika mwezi wa 7, kiisha mtihani wa Serikali.

2. Nguo gani? Tufanye hesabu. Kisangani iko karibu metre 400 juu ya bahari, Bukavu karibu 1.500. Kila metre 1.000 unazopanda, joto linapungua kama digri 6. Basi kule ni baridi kupita hapa kwa digri 6 ao 7. Mtu abebe pullover na blanketi. Anayetaka kupanda mlima Kahuzi, wenye metre 3.308, afanye hesabu yake mwenyewe.

3. Njia gani? Barabara inapita Lubutu na Walikale, kilomita zaidi ya 600, katika provinsi 4: Tshopo, Maniema, Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Tuliuliza madereva wa kamio siku ngapi. Hakuna hata mmoja aliyetaja siku, wote walisema: «Inategemea mvua.» Siku 5 zetu zingeishia mu matope. Ndege ni ya haraka, lakini bei yake ilitunyamazisha.

4. Makuta ngapi? Tulihesabu njia, chakula na zawadi ya nyanya. Mdogo mmoja wa darasa la tatu alisoma daftari akauliza: «Na kurudi?» Tulikuwa tumesahau kurudi! Tangu siku ile tunaandika kurudi kwanza.

5. Kuna amani? Swali hili tuliliweka mwisho, na lilipaswa kuwa la kwanza. Mwezi wa 1 mwaka 2025 vita iliingia Goma, mwezi wa 2 ikafika Bukavu. Hakuna mzazi aliyetia sahihi, na sisi wakubwa hatukuwasukuma wadogo. Mwenzetu alilia. Tulimwambia ukweli: mpango mzuri unaweza pia kusema «bado». Daftari hatukulichoma, liko ndani ya kabati ya darasa, ukurasa wa kurudi umejazwa. Atakayepata amani alichukue.

Zoezi
a) Butembo iko karibu metre 1.700. Joto lake linapungua digri ngapi kupita Kisangani?
b) Panga safari ya siku 3 kwenda mahali unapopajua. Anza na swali la 5, kisha kurudi.
c) Uliza mzee mmoja wa kwenu: zamani alisafiri namna gani mpaka Kivu? Andika mistari 10.