Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Mashua na Safari za Gugu Maji

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi methali hii nilikuwa nikiiandika tu katika insha ili nipate alama. Maana yake niliijua siku tuliyotoka Kisumu.

Ilikuwa ziara ya chama chetu. Baada ya kuona mengi mjini tulipelekwa Dunga, ufuoni mwa Ziwa Viktoria, tukapanda boti ya matembezi kwenda kuwaona viboko. Njiani tulipita katikati ya zulia la kijani lililokuwa likielea juu ya maji, limepambwa kwa maua ya zambarau. Wee! Kila mtu alisema, "Tazama!" Mwenzetu mmoja alinyoosha mkono, akang'oa shina moja na kulitia katika mfuko wa plastiki pamoja na maji kidogo. Akasema atakwenda kulipanda katika bwawa la samaki la mama mmoja jirani ya shule yetu, ili bwawa lipendeze.

Tulipofika Misikhu usiku, mwalimu wetu wa Biolojia aliuona ule mfuko. Aliuliza, "Hii ni nini?" Mwenzetu akajibu, "Si ni ua tu, Mwalimu?" Mwalimu hakucheka. Alituambia, "Hilo ua limewanyima watu wengi chakula. Kesho nitawaeleza." Yale aliyotueleza, pamoja na yale niliyoyasoma baadaye, ndiyo nitakayokupa hapa.

GUGU MAJI NI NINI?

Gugu maji ni mmea unaoelea juu ya maji. Asili yake ni Amerika ya Kusini, katika bonde la mto Amazon. Watu waliupenda kwa ajili ya maua yake, wakaubeba nchi hadi nchi ili kupamba vidimbwi na bustani. Hakuna aliyeubeba kwa nia mbaya. Kufikia miaka ya 1950 ulikuwa umeingia katika Mto Kongo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulionekana Uganda, katika Ziwa Kyoga na kisha Ziwa Viktoria, na muda si muda ukafika upande wetu wa Kenya.

Gugu hili huzaana kwa njia mbili. Kwanza, shina mama hutoa vitawi vinavyotambaa juu ya maji, na kila kitawi huwa shina jipya. Pili, hutoa mbegu ndogo sana ambazo huzama na kukaa matopeni. Mbegu hizo zinaweza kukaa hai miaka 15 au zaidi, zikingojea nafasi.

Hebu tufanye hesabu kidogo, hata wewe usiyependa Hisabati. Mahali penye joto na rutuba, gugu huweza kuongezeka mara mbili kwa muda wa wiki mbili hivi. Anza na shina moja tu. Baada ya wiki mbili una mawili, baada ya wiki nne una manne. Baada ya wiki 20 una 1,024. Baada ya wiki 40, kama nafasi ingalipo, una zaidi ya milioni moja! Na mwenzetu alikuwa na shina moja katika mfuko wake.

MADHARA YAKE

Mwaka wa 1998 gugu lilifunika hekta zipatazo 17,000 upande wa Kenya, hasa katika Ghuba ya Winam. Uwanja wa kandanda haufiki hekta moja. Kwa hiyo chukua viwanja 17,000, vipange kando kando, na bado hujafika. Mashua zilikwama. Wavuvi walikesha majini kwa kushindwa kufika nchi kavu. Nyavu zilipotea. Kule Jinja, gugu liliziba njia za maji yanayozungusha mitambo ya umeme ya Owen Falls. Chini ya zulia lile mwanga haupenyi na hewa hupungua, samaki wakafa au wakahama. Juu yake mbu walipata makao, na konokono wanaoeneza kichocho nao wakapata pa kushikilia.

Mjomba wangu ni mvuvi huko Budalang'i. Yeye hasemi habari za hekta. Husema hivi: "Mpwa wangu, siku gugu likija na upepo, nyumbani tunakunywa chai ya mkandaa." Yaani hakuna pesa hata ya maziwa.

Serikali za Afrika ya Mashariki zilipambana nalo. Wadudu aina ya fukusi wanaokula gugu hilo waliachiliwa ziwani, Uganda mwaka wa 1995 na Kenya mwaka wa 1997. Fukusi wetu walifugwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Kibos karibu na Kisumu. Fukusi hao, wakisaidiwa na mawimbi na mvua za El Niño za 1997 na 1998, walilipunguza gugu sana. Lakini halikwisha. Mnamo 2006 na 2007, baada ya mvua nyingi, lilirudi kwa wingi, na hadi leo huja na kuondoka. Ndiyo maana nasema, kulizuia lisiingie ni rahisi kuliko kulitoa.

LINASAFIRIJE?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu, kwa hiyo usisinzie.

Ni kweli kwamba gugu lina njia zake lenyewe. Mto Kagera, unaotoka pande za Rwanda na Burundi, umekuwa ukilimwaga katika Ziwa Viktoria. Upepo nao hulisukuma kutoka ufuo hadi ufuo. Njia hizo huwezi kuzifunga kwa kuosha mashua.

Lakini tazama ramani ya Kenya. Ziwa Naivasha liko katika Bonde la Ufa. Hakuna mto unaotoka Ziwa Viktoria ukapanda milima na kuingia Naivasha. Hata hivyo gugu maji lilionekana Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1980, na hadi leo linawasumbua wavuvi na wenye boti za watalii. Huko huko kuna gugu jingine la kigeni liitwalo salvinia, lililoonekana tangu miaka ya 1960, na kamba wekundu kutoka Marekani walioletwa mwaka wa 1970. Katika Ziwa Baringo nako kuna kamongo, samaki ambaye hakuwako, akaingizwa miaka ya 1970. Je, viumbe hawa walipandaje milima? Walibebwa. Mkono wa mtu, kwa kujua au kwa kutojua, ulikuwa kwenye safari hizi.

Sasa mfikirie mtu mwenye boti ya matembezi. Jumamosi anaendesha ziwa hili. Wiki ijayo anaipakia juu ya gari na kuipeleka ziwa jingine, au anamwuzia mtu wa mbali. Vipande vya gugu vimejisokota kwenye rafadha ya injini. Tope lenye mbegu limeganda kwenye nanga na kamba. Ndani ya ngama mmebaki maji, na ndani ya maji hayo mna mayai ya konokono na vidudu visivyoonekana kwa macho. Mwenye boti anajiona hana mzigo, kumbe amebeba ziwa zima. Kikulacho ki nguoni mwako!

Wenzetu wa ng'ambo wamelijua hili kwa uchungu. Mwaka wa 1988 kome mdogo mwenye milia kama punda milia, asili yake Ulaya ya Mashariki, aligunduliwa katika Ziwa St. Clair, mpakani mwa Marekani na Kanada. Alikuja katika maji ambayo meli kubwa hujaza tumboni ili zisiyumbe. Kutoka Maziwa Makuu aliingia katika maziwa madogo mengi, na mojawapo ya njia zake ilikuwa boti za starehe zinazovutwa na magari. Kome hao huziba mabomba ya maji. Tangu 2008, boti haziruhusiwi kuingia Ziwa Tahoe huko Marekani kabla ya kukaguliwa. Kule Nyuzilandi nako, baada ya mwani wa kigeni kuonekana mitoni mwaka wa 2004, wananchi walifundishwa maneno matatu: kagua, safisha, kausha.

KINGA: MANENO MATATU

1. KAGUA. Chombo kikitolewa majini, kizunguke chote. Tazama rafadha, nanga, kamba, nyavu, makasia, na hata magurudumu ya gari lililokibeba. Ondoa kila jani, kila mzizi na kila konokono. Usivirudishe majini, vianike mbali na maji hadi vikauke kabisa, kisha uvichome.

2. SAFISHA. Mwaga maji yote ya ngama, ndoo na matangi ya samaki, papo hapo ufuoni pa ziwa ulilotoka, kabla ya kuanza safari. Osha tope lote, na maji ya kuoshea yamwagike penye nyasi, yasitiririkie mto mwingine. Chambo kilichobaki usikitupe katika ziwa jingine.

3. KAUSHA. Anika chombo na vifaa vyake juani siku tano au zaidi kabla ya kukitia katika maji mengine. Vidudu vingi vya majini na vipande vya majani hufa vikikauka.

Hapa mwanafunzi mmoja aliuliza swali zuri: "Mwalimu, kama jua linaua, kwa nini tujisumbue kuosha?" Jibu ni kwamba mbegu ya gugu haifi kwa kukauka siku tano. Tope likikauka na mbegu ndani yake, mbegu hulala tu. Likiloa tena, huamka. Kwa hiyo kuosha hutoa mbegu, na kukausha huua vilivyobaki. Kimoja hakitoshi bila kingine.

Tena kuna sheria. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999, kifungu cha 42, inakataza mtu kuingiza mmea au mnyama, wa kigeni au wa hapa, katika mto, ziwa au kinamasi bila kibali cha maandishi. Sikulijua hilo nilipokuwa nikimshangilia mwenzangu ndani ya boti.

SISI WA MISIKHU INATUHUSU NINI?

Huenda unasema, "Ati mashua? Huku kwetu tuna mahindi na miwa, mashua tutazitoa wapi?" Ngoja kwanza. Tangu serikali ilipoanza kusaidia wakulima kuchimba mabwawa mwaka wa 2009, familia kadha wa kadha za Bungoma hufuga ngege na kambale. Wavu mmoja huazimwa kutoka bwawa hadi bwawa, na ndoo ya vifaranga hutoka mbali pamoja na maji yake. Wavu wako ndio mashua yako. Ndoo yako ndiyo ngama yako. Maneno yale matatu yanakuhusu vilevile.

Mama yule mwenye bwawa hulipa karo ya binti yake kwa samaki anaowauza sokoni. Mvua ikinyesha sana, bwawa lake hufurika, maji yakashuka mferejini, yakaingia kijitoni. Vijito vyetu huteremka hadi Mto Nzoia, na Nzoia humwaga maji yake ziwani huko Budalang'i, kwa mjomba wangu. Lile shina moja lingemharibia mama kwanza, kisha vijiji vyote vya katikati, na mwisho lingerudi ziwani kumwongezea mjomba taabu. Na kama lingepelekwa upande wa Kitale na kutiwa katika kinamasi cha Saiwa, makao ya nzohe, je, nani angelitoa?

Siku iliyofuata tulilianika shina lile juu ya bati, mbali na maji. Baada ya wiki moja tulilichoma. Viatu tulivyovaa ufuoni tulivisugua, tope tukalichoma pia. Mwenzetu hakufurahi mwanzoni. Leo yeye ndiye anayekagua nyavu za yule mama kila zinaporudi kutoka kuazimwa, tena bila kuombwa.

Basi, mpenzi msomaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukienda ziwani, furahia maua kwa macho. Ukirudi nyumbani, rudi na habari peke yake.

MSAMIATI
Fukusi – mdudu mdogo mwenye mdomo mrefu. Jamii yake mmoja hula nafaka ghalani.
Kinamasi – mahali penye majimaji na matope wakati wote.
Ngama – sehemu ya chini ndani ya chombo, maji yanapotuama.
Nzohe – mnyama jamii ya paa anayeishi kinamasini.
Rafadha – panga za injini zinazosukuma chombo majini.

MASWALI YA KUJIPIMA
1. Kwa nini tunasema gugu maji la Naivasha halikuletwa na mto kutoka Ziwa Viktoria?
2. Eleza kwa nini kukausha bila kuosha hakutoshi.
3. Shina moja likiongezeka mara mbili kila wiki mbili, utakuwa na mashina mangapi baada ya wiki 12?
4. Tunga sentensi mbili kuonyesha maana ya methali "Kikulacho ki nguoni mwako."