Barabara Kuu Mpya Mjini: Je, Anayevuka kwa Miguu Amefikiriwa?

Barabara kuu mpya inapojengwa mjini, wakazi hutarajia msongamano upungue na safari ziwe fupi. Hata hivyo, barabara pana inaweza kuondoa hatari moja na kuleta nyingine.

Mfano ni Barabara ya Thika, yenye urefu wa takriban kilomita 50, iliyofunguliwa rasmi baada ya upanuzi mwezi Novemba 2012. Kutenganishwa kwa magari yanayokwenda na yanayorudi hupunguza ajali za kugongana ana kwa ana. Lakini barabara hiyo inapita kando ya makazi, shule na masoko, na anayekwenda kwa miguu ana leni nyingi zaidi za kuvuka.

Hesabu ya kuvuka

Leni nne za upande mmja zina upana wa takriban mita 14. Mtu mzima huzivuka kwa sekunde 12 hivi. Mtoto, mzee au mwenye mzigo huchukua muda zaidi. Katika sekunde hizo 12, gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri zaidi ya mita 260. Gari unaloliona mbali tayari liko karibu.

Hesabu ya breki

Dereva akichukua sekunde moja kutambua hatari, kwenye lami kavu, gari la kilomita 50 kwa saa husimama baada ya takriban mita 28. Gari la kilomita 80 huhitaji takriban mita 57. Mtu akitokea mita 40 mbele, gari la kwanza litasimama kabla ya kumfikia. La pili litamgonga likiwa bado na mwendo wa zaidi ya kilomita 50 kwa saa.

Ndiyo sababu sheria ya trafiki nchini imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa mijini na katika vituo vya biashara.

Mambo ya kuuliza kabla ya ujenzi

Mradi wa barabara unapoletwa kwenye kikao cha ushirikishaji wa umma, wakazi wanahimizwa kuuliza:

1. Je, madaraja ya kuvukia yatajengwa mahali watu wanapovuka sasa? Daraja lililo mbali na steji halitumiki.
2. Je, yatakuwa tayari kabla magari hayajaruhusiwa kupita?
3. Je, yana njia ya mteremko kwa viti vya magurudumu, na taa za usiku?
4. Je, bodaboda, mikokoteni na baiskeli zimetengewa njia?
5. Je, barabara ndogo zinazoingia kwenye ile kuu zitawekewa matuta?

Kuongeza daraja kwenye mchoro ni rahisi kuliko kulijenga baadaye, magari yakiwa tayari barabarani. Wakazi wanaombwa kufika kwenye vikao hivyo na kuonyesha mahali hasa ambapo watoto wao huvuka wakienda shuleni.