Kilima Kifupi, Maji Mapana: Jinsi ya Kuipeleka Familia Kutembea Visiwani Kagera

Familia nyingi za Kashozi, mkoani Kagera, hukiona Kisiwa cha Musira kila zinaposhuka Bukoba mjini, lakini ni chache zilizowahi kukikanyaga. Kiko mbele ya mji, kilomita chache tu kutoka ufukweni, kina kijiji cha wavuvi chini na kilima cha nyasi na miamba juu. Mtu mzima asiye na mazoezi yoyote anaweza kukipanda na kurudi siku hiyohiyo. Hata mtoto wa shule ya msingi anaweza, mradi safari imepangwa vizuri.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya anayeanza: mzazi mwenye watoto, kikundi cha vijana wa parokia, walimu wanaotaka kuwatoa wanafunzi darasani. Kanuni kuu ni moja. Kisiwani, kilima ndiyo sehemu rahisi ya safari, na ugumu uko majini. Kwa hiyo matembezi ya kisiwani hupangwa kuanzia saa ya boti ya kurudi, ndipo mambo mengine yafuate.

Anzeni mazoezi nyumbani

Anayeishi Kashozi hahitaji kwenda mbali kujipima, kwa kuwa njia za miguu ziko kila upande. Ila kibanja, shamba la migomba linalozunguka nyumba, humdanganya mtembeaji. Chini ya migomba na mibuni kuna kivuli, udongo ni laini, na nyumba ya jirani iko karibu. Juu ya kisiwa hali ni kama ya rweya, ile nyika iliyo nje ya vibanja: nyasi, mawe, upepo na jua lisilozuiwa na kitu. Zoezi la kweli basi lifanyike rweya, mchana, na kila mtu avae viatu vilevile atakavyovaa siku ya safari. Mtoto akilalamika kidole kinambana baada ya kilomita moja, ni heri mlijue mkiwa nyumbani.

Kukadiria muda kuna kanuni ya zamani. Mwaka 1892, mwaka uleule Wapadri Weupe walipoanzisha misheni ya Kashozi, mpanda milima wa Uskochi aitwaye William Naismith aliandika kipimo kinachotumika hadi leo: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa njia ya kilomita 3 yenye mwinuko wa mita 100, jibu ni dakika 46 hivi. Kipimo hicho ni cha mtu mzima mwenye nguvu asiyesimama njiani. Mkiwa na watoto, zidisha mara mbili, na saa moja na nusu ndiyo hesabu ya kuaminika. Mwendo wa kundi zima ni mwendo wa mtoto mdogo kuliko wote, na huyo ndiye anayetembea mbele.

Kisiwa kipi kwanza?

Musira ndicho cha kuanzia kwa sababu kiko karibu na kina watu. Simulizi za Wahaya husema kwamba enzi za watawala wa jadi kilikuwa mahali pa kuwatupa wahalifu. Leo ni makazi ya wavuvi, na ukihitaji mtu wa kukuonyesha njia ya kilimani utampata kijijini. Mchukue. Malipo yake ni madogo ukilinganisha na usumbufu wa kupotea kwenye nyasi ndefu mkiwa na watoto wenye kiu.

Bumbire, katika Wilaya ya Muleba, ni hatua ya pili. Ni kisiwa kikubwa kuliko Musira, na ndicho ambacho wakazi wake walipambana na msafara wa mvumbuzi Henry Morton Stanley mwaka 1875. Safari yake ya majini ni ndefu, kwa hiyo usikipange kwa siku moja ukiwa na watoto wadogo. Ulizia kwanza mahali pa kulala, na uwe na siku moja ya akiba iwapo ziwa litachafuka.

Kwa anayeogopa mitumbwi, Kisiwa cha Saanane mjini Mwanza ni chaguo zuri. Kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Eneo lake lote ni kilomita za mraba 2.18, nalo linajumuisha maji. Kuvuka kutoka mjini ni dakika chache, njia zimewekwa alama, miamba ya kukwea ni mikubwa na swala wapo. Familia inaweza kusafiri usiku kwa meli kutoka Bukoba au Kemondo hadi Mwanza, ikatembea kisiwani mchana.

Kisiwa cha Rubondo ni daraja jingine. Hifadhi hiyo ya taifa, iliyoanzishwa mwaka 1977, ina kilomita za mraba 456.8 za msitu na maji. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe 17 waliotoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya waliachiwa huko, na kizazi chao kinaishi porini mpaka sasa. Wapo pia tembo, viboko, mamba na nzohe, swala wa kwenye matete. Hapo hakuna kutembea bila askari wa hifadhi, na masharti ya umri wa watoto huulizwa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) kabla ya kufunga safari. Watanzania wachukue vitambulisho, kwa kuwa kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni.

Mwezi gani, saa ngapi

Bukoba ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi zaidi nchini. Masika ya Machi hadi Mei ndiyo mazito, Aprili hasa, na vuli hurudi Oktoba hadi Desemba. Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti, pamoja na vipindi vya ukavu vya Januari na Februari. Mwezi mkavu nao una lake: katikati ya mwaka upepo wa kusini mashariki huweza kuinua mawimbi hata mbingu ikiwa safi.

Siku nayo ina mpangilio wake. Mvua za radi ziwani huwa nyingi usiku na alfajiri, na mara nyingi huifikia Bukoba asubuhi. Kadiri jua linavyopanda, upepo wa kutoka ziwani kwenda nchi kavu huongezeka, na alasiri mawimbi hukua. Nafasi nzuri basi ni katikati. Kwa Musira, ratiba hii inafaa familia:

– Saa 2 asubuhi: fikeni mwaloni, mtazame anga, muwaulize wavuvi.
– Saa 3: vukeni kama kumetulia.
– Saa 4 hadi saa 6: pandeni, mpumzike, mshuke.
– Saa 6 hadi saa 7: kuleni kijijini, kivulini.
– Saa 7 na nusu: pandeni boti ya kurudi.

Mkifika saa 5 na nusu bado hamjaona kilele, geukeni. Kilele si deni. Jioni ya kuamkia safari, sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo hutoa taarifa za upepo na mawimbi ya Ziwa Victoria. Asubuhi, wavuvi wakiwa wamevuta mitumbwi yote nchi kavu, huo nao ni utabiri.

Kuchagua boti

Mtu wa Kagera hahitaji kuhubiriwa kuhusu chombo kilichozidiwa uzito. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Hata hivyo, wapo wanaoyasahau hayo wakiona maji yametulia na ng'ambo inaonekana. Kabla ya kulipa, angalieni mambo haya:

1. Jaketi okozi kwa kila abiria, na la mtoto liwe la saizi yake. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiingia majini. Lifungwe kabla ya boti kuondoka. Likikaliwa kama mto halina msaada.
2. Makasia, au injini ya pili. Injini moja ikizima katikati, ni lazima kuwe na njia ya kufika.
3. Kopo la kuchotea maji yakiingia, na mafuta ya kutosha kwenda na kurudi.
4. Idadi ya watu. Chombo kikishakuwa na maji karibu na ukingo, shukeni, hata kama nauli mmeshatoa.
5. Namba ya simu ya nahodha, na mapatano ya saa ya kurudi. Mkiikodi boti nzima, lipeni nusu mwanzoni na nusu mkirudi.

Ndani ya boti watoto wakae chini katikati, si ukingoni. Simu na nguo za kubadilisha ziwekwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Mwachie mtu wa nyumbani taarifa: mmekwenda wapi, kwa boti gani, mtarudi saa ngapi. Saa hiyo ikipita bila habari, apige 114 ya Zimamoto na Uokoaji, au 112 ya polisi.

Cha kubeba

Viatu vifunike vidole na soli iwe na meno, kwa kuwa miamba huteleza ikilowa na nyasi huficha mashimo. Raba za shule zinatosha. Ndala zibaki za kuvaa ndani ya boti. Kofia ni lazima: Bukoba iko karibu sana na ikweta na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo jua huunguza hata upepo ukiwa wa baridi. Shati la mikono mirefu ni bora kuliko mafuta ya kujipaka.

Maji yahesabiwe nusu lita kwa mtu mzima kwa kila saa ya kutembea, na akiba juu yake. Msitegemee ya ziwani. Chakula kiwe cha kuliwa kwa mkono: ndizi mbivu, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, karanga, na senene kama ni msimu wake. Ongezeni koti la mvua, filimbi kwa kila mtoto, kitambaa safi, plasta, na dawa ya kuzuia mbu kama mtalala huko.

Hatari tatu zisizoonekana

Ya kwanza ni kichocho. Vimelea vyake hukaa ndani ya konokono wa maji ya kando yaliyotulia, hasa kwenye majani na matete, na hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Watoto wasiogelee wala kusimama majini wakisubiri boti. Aliyelowa ajikaushe mara moja kwa taulo. Wiki sita hadi nane baadaye, aliyeyagusa maji apimwe. Dawa ya praziquantel hutibu.

Ya pili ni mapango. Miamba ya visiwa hivi ina mianya ambayo watoto hutamani kuichungulia. Msiingie penye popo wala penye kinyesi chake. Popo wala matunda wakaao mapangoni ndio wanaojulikana kuhifadhi virusi vya Marburg, na mkoa huu unaujua ugonjwa huo: mlipuko wa mwaka 2023 katika Wilaya ya Bukoba uliua watu sita, na mwaka 2025 ukatokea tena Biharamulo. Tunda lililotafunwa na popo lisiokotwe. Mianya hiyohiyo huweza kuwa na nyoka, kwa hiyo mkono usiingizwe mahali macho hayaoni.

Ya tatu ni radi. Eneo la Ziwa Victoria ni kati ya yale yenye radi nyingi duniani, na kilele cha nyasi kisicho na miti humwacha mtu akiwa kitu kirefu kuliko vyote. Mkisikia ngurumo, hata ya mbali, shukeni mara moja. Msikimbilie chini ya mti uliosimama peke yake. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo mpande boti.

Adabu za mgeni

Kisiwa chenye watu ni nyumba ya watu. Mkishuka, salimieni, muulizie mwenyekiti wa kitongoji au kijiji, mseme mmekuja kutembea. Msikanyage dagaa walioanikwa, msipite juu ya nyavu, na ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Mkiambiwa mahali fulani hapapitwi, msibishane. Katika imani ya kale ya Wahaya ziwa na dhoruba zake viko chini ya Mugasha, na wapo wazee wanaoheshimu bado maeneo yanayohusiana naye. Taka zote rudini nazo, hasa chupa, kwa sababu hakuna gari la taka linalovuka maji.

Nunueni kitu kijijini, iwe samaki wa kukaanga au chai. Fedha hiyo ndiyo inayomfanya mwenyeji amfurahie mgeni wa kesho.

Mzazi, huna haja ya kungoja likizo kubwa wala fedha ya Kilimanjaro ili mtoto wako ajue raha ya kupanda na kutazama alikotoka. Chagua Jumamosi moja ya Julai, fanyeni zoezi rweya wiki mbili kabla, kagua jaketi kwa mkono wako mwenyewe, na mrudi kabla ya saa tisa. Ziwa likiwa limechafuka asubuhi hiyo, ahirisha bila aibu. Musira haihami.