Mtoto Akitolewa Kidole Tumbo: Jinsi ya Kuzuia Kidonda Kisitunge Usaha

Baada ya upasuaji wa matundu madogo, mzazi anayefunua tumbo la mtoto huona alama tatu tu: moja kitovuni na mbili karibu na kinena. Wengi hushusha pumzi wakidhani shughuli imekwisha. Ni kweli kwamba vidonda hivi hupona upesi na huambukizwa mara chache kuliko ule mkato mmoja mrefu. Lakini udogo wake usikudanganye. Kinachoamua zaidi kama kidonda kitatunga usaha ni hali ya kidole tumbo siku kilipotolewa, pamoja na usafi wa mikono inayokigusa kidonda.

Tuanze na kuchelewa, maana hapo ndipo tunapoumia zaidi. Kidole tumbo kikipasuka, vijidudu vya utumbo humwagika tumboni, na hatari ya maambukizi hupanda sana hata kama daktari ni hodari. Uwezekano wa kupasuka huongezeka kadiri saa zinavyopita, hasa baada ya siku moja na nusu ya maumivu. Watoto wa chini ya miaka 5 mara nyingi hufika hospitalini kikiwa kimeshapasuka, kwa sababu hawajui kueleza wanaumwa wapi. Kwa hiyo mwangalie mtoto mwenyewe. Maumivu yakianzia kitovuni kisha yakahamia chini upande wa kulia, akakataa chakula, akatapika, akatembea ameinama, au akalia kila bodaboda inaporuka kwenye shimo, usimpe dawa ya minyoo wala ya kuendesha, na usikubali akandwe tumbo. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Wapo wanaochelewa kwa kuogopa kisu. Abagusii si wageni wa upasuaji: ababari, wapasuaji wetu wa jadi, walifungua mafuvu ya watu vizazi na vizazi, hadi madaktari wa kigeni wakaja kuandika habari zao. Wengine hucheleweshwa na pesa. Tangu Oktoba 2024, bima ya afya ya SHA imechukua nafasi ya NHIF. Piga *147# leo, mtoto akiwa mzima, uhakikishe jina lake limo kati ya wanaokutegemea. Ukikaa Borabu au kwenye milima ya Manga, jua pia nani atakubeba usiku mvua inaponyesha.

Mashine ya upasuaji wa matundu haipatikani kila hospitali, na watoto wengi bado hupasuliwa kwa mkato mmoja. Usimcheleweshe mwanao kwa kuitafuta. Kanuni za kuzuia usaha ni zile zile, iwe ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kanuni hizo mwaka wa 2016. Kwanza, mgonjwa aoge kabla ya upasuaji. Kwa mtoto, muuguzi asisahau kusafisha kitovu, kwa kuwa taka hujificha humo na mara nyingi kidole tumbo hutolewa kupitia tundu la hapo. Nywele zisinyolewe kwa wembe, kwani wembe huacha mikwaruzo inayokaribisha vijidudu. Dawa ya kuua bakteria itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya ngozi kukatwa. Kanuni hizi zimejaribiwa hapa kwetu: Kijabe ilikuwa kati ya hospitali za Afrika zilizofuata mpango wa aina hii, na kwa jumla maambukizi katika hospitali hizo yalishuka kutoka asilimia 8 hadi 3.8. Mwaka wa 2022, utafiti mkubwa uliohusisha nchi saba, Rwanda ikiwemo, ulionyesha kwamba timu ikibadilisha glavu na vifaa kabla ya kushona, maambukizi hupungua. Mzazi anaweza kuuliza kwa heshima, "Daktari, mtoto amepata dawa ya kuzuia maambukizi?" Swali hilo halimkosei mtu adabu.

Nyumbani, kazi kubwa ni kukiacha kidonda kitulie. Kwa saa 48 za kwanza bendeji ibaki kavu, isipokuwa umeelekezwa vingine. Baadaye mtoto anaweza kuogeshwa, lakini usimketishe kwenye karai. Asimame, umwagie maji safi kwa jagi yateremke, kisha ukaushe kwa kugusagusa na kitambaa safi kilichopigwa pasi. Kitovu ndicho husahaulika. Maji yakituama humo, ngozi hulainika na kidonda huchelewa kufunga. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kukigusa, hata kama umetoka tu kuchuma majani chai na unaiona mikono safi. Asiogelee mtoni mpaka kidonda kifunge kabisa, na asibebe mtungi wa maji wala kucheza mpira mpaka daktari aruhusu.

Usipake majivu, majani yaliyopondwa, dawa ya meno wala spiriti. Nasisitiza pia juu ya ile desturi ya kufungua kapsuli ya kemisti na kunyunyiza unga wake kwenye kidonda. Unga huo hugandamana na kuficha usaha chini yake, na matumizi holela huwafanya bakteria wawe sugu. Kama kidole tumbo hakikuwa kimepasuka, kwa kawaida mtoto hahitaji antibiotiki za kumeza nyumbani. Kama kilipasuka na daktari akaandika dawa, amalize dozi yote hata akionekana mzima. Wala usimnyime mayai, omena, maharagwe au mboga ya chinsaga kwa kudhani vitaharibu kidonda. Mwili hujenga nyama mpya kwa vyakula hivyo.

Usaha mara nyingi hujitokeza mtoto akiwa ameshatoka hospitali, na unaweza kujitokeza wakati wowote ndani ya siku 30. Mrudishe siku hiyo hiyo ukiona wekundu unaoenea, uvimbe, majimaji yenye harufu, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Pima joto kabla ya kumpa Panadol, kwa sababu dawa hiyo huficha homa. Nyuzi 38 au zaidi ni sababu tosha ya kurudi. Tumbo likijaa, akitapika, akiharisha kamasi au akiumwa anapokojoa, huenda usaha umejikusanya ndani hata kama vidonda vya nje ni vikavu. Hali hiyo haingoji asubuhi.

Mara nyingi atakayebaki na mtoto nyumbani ni nyanya yake, ilhali karatasi ya kuruhusiwa huandikwa kwa Kiingereza. Wauguzi wa wodi za watoto, tafadhali mwiteni naye, mumweleze kwa Ekegusii dalili hizi na nambari ya kupiga, kisha aulizwe azirudie. Nawe mzazi, usiondoke wodini kabla hilo halijafanyika.