Kufundisha Majaribio ya Programu Yasiyoharibu Mipangilio ya Lugha na Herufi

Utangulizi

Katika ufundishaji wa uandishi wa programu tumezoea kumhimiza mwanachuo aandike majaribio yanayojiendesha ili ahakikishe kazi yake. Himizo hilo ni la haki. Hata hivyo, ni mara chache tunapomweleza kwamba jaribio lenyewe laweza kuvuruga kazi ya wenzake. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi kosa hilo linavyotokea, na kupendekeza hatua za somo la kulizuia.

Tatizo lilivyojitokeza

Katika zoezi moja tuliwapa wanachuo wetu faili yenye habari za sehemu za Arusha na Mlima Meru. Kila mmoja aliandika kipande cha programu kwa lugha ya Python pamoja na jaribio lake, kisha majaribio yote yakaendeshwa kwa mkupuo mmoja. Mwanzoni mwa mkupuo tuliweka desturi ya Kiingereza ya kuandika namba, ambayo ndiyo ya shule zetu: mkato hutenga maelfu, na nukta hutenga desimali.

Jaribio la mwanachuo mmoja lilisoma kimo cha Mlima Meru, yaani mita 4,562, likitarajia kupata 4562. Likapata 4.562, mlima mfupi kuliko nyumba! Tulimpa alama ya chini. Mwanachuo hakuridhika, aliliendesha jaribio lake peke yake mbele yetu, nalo likafaulu. Tulipochunguza tuligundua kwamba jaribio la mwenzake, lililotangulia, lilibadili mpangilio kuwa wa Kijerumani, ambamo mkato ndio alama ya desimali, wala halikuurudisha. Kwa kuwa chombo kile cha majaribio hufuata alfabeti ya majina, aliyeumia aliumia kwa sababu tu jina la jaribio lake lilikuja nyuma. Alama zake tulimrudishia. Funzo likawa letu: tulisahihisha matokeo bila kuyachunguza mazingira yaliyoyazaa.

Hatua ya kwanza: ubao

Hatua hii haihitaji kompyuta wala umeme. Mwalimu aandike ubaoni: "Mkato hutenga maelfu." Mwanachuo wa kwanza aitwe, afute sentensi hiyo, aandike "Mkato hutenga desimali," asome namba yake, kisha aketi. Wa pili aitwe kusoma 4,562 kwa kufuata ubao. Darasa litaona mara moja kwamba wa pili hakukosea. Hapo mwalimu aeleze kwamba mpangilio wa lugha na mahali ni kama ubao: ni mmoja kwa mchakato mzima wa programu, na kila aliyemo huusoma huo huo.

Hatua ya pili: kurudisha kilichobadilishwa

Wanachuo waandike jaribio linalohifadhi kwanza mpangilio uliopo, ndipo libadili, kisha lirudishe. Wengi wataweka amri ya kurudisha kwenye mstari wa mwisho wa jaribio. Mwalimu awaache, kisha awaagize waliangushe jaribio kwa makusudi. Jaribio linapoanguka katikati, mistari iliyobaki haifikiwi, na mpangilio hubaki umevurugika. Kwa hiyo amri ya kurudisha iwekwe mahali ambapo lazima itekelezwe, jaribio lifaulu au lianguke. Katika Python kazi hiyo hufanywa na "addCleanup", iliyoandikwa kabla ya badiliko lenyewe.

Hatua ya tatu: kutogusa kabisa

Kurudisha ni kuzuri, lakini kutogusa ni bora zaidi, hasa majaribio yanapokwenda sambamba ndani ya mchakato mmoja. Maana mwenzako aweza kusoma ubao kabla hujaufuta. Mfano mzuri ni jina la kijiji cha Ng'iresi. Programu nyingi za kuandikia hugeuza alama ile ya ng' kuwa ya kupinda, ambayo katika usimbaji wa UTF-8 huchukua baiti tatu. Faili hiyo ikisomwa kwa usimbaji wa Windows-1252, kila baiti hugeuka herufi yake, na jina huonekana "Ngâ€™iresi". Dawa si kubadili usimbaji wa mfumo mzima, bali ni kutaja UTF-8 waziwazi kila faili inapofunguliwa.

Ikiwa ni lazima kujaribu mpangilio mwingine, jaribio liendeshwe katika mchakato wake wa pekee, uliopewa mazingira yake. Mchakato mtoto hupokea nakala ya mazingira ya mzazi. Akiibadili nakala, mzazi hadhuriki.

Zoezi na tathmini

Wanachuo wajaribu, kwa lugha ya Java, kugeuza neno ILBORU kuwa herufi ndogo chini ya mpangilio wa Kituruki. Watapata "ılboru", isiyo na nukta juu ya herufi ya kwanza. Waeleze sababu, kisha warekebishe bila kugusa mpangilio wa jumla.

Katika kutathmini, mwalimu aendeshe majaribio ya darasa mara kadhaa kwa mpangilio tofauti, na kila jaribio pia peke yake. Baada ya kila jaribio, programu ilinganishe mipangilio na ile ya mwanzo, itaje jina la jaribio lililoibadili. Hivyo lawama itamwendea mwenye kosa, si jirani yake.

Hitimisho

Jaribio ni shahidi. Shahidi anayewavuruga mashahidi wenziwe huiharibu kesi nzima, na hakimu, ambaye ni mwalimu, huweza kumhukumu asiye na hatia. Tuwafundishe wanachuo kukiacha chumba kama walivyokikuta. Nasi, kabla ya kushika kalamu nyekundu, tuutazame ubao kwanza.