Kung'oa Vibao na Kuezeka Mabati: Tuanze Wapi?



Somo letu ni juu ya paa. Huku kwetu Kericho na Bomet, hasa ukielekea Londiani na misitu ya Mau, bado ziko nyumba za wazee zilizoezekwa vibao vya mtarakwa vilivyopasuliwa kwa shoka. Mtarakwa ni mti mgumu na mchwa hawaupendi. Lakini mvua ya huku hunyesha karibu mwaka mzima, na kibao kikishaota kuvu na kupinda, maji yanapita tu. Kupata vibao vipya ni kazi, kwa hivyo wengi wanaamua kuweka mabati.

Hapo ndipo shida inaanza. Bonasi ya majani chai ikitoka, au zamu ya meri-go-raundi ikifika, familia inakimbilia mabati. Mabati yanaonekana, majirani wanayaona yakipita barabarani. Nani alishawahi kusifiwa kwa kununua misumari? Pesa zinaisha, fundi anaitwa, vibao vinang'olewa asubuhi, na sasa boriti zinaonekana zimeoza. Saa nane mvua hiyo! Mahindi, magodoro na vitabu vya watoto vyote vinalowa.

Kwa hivyo, kabla ya kununua chochote, fundi apande juu. Achukue kisu adunge kila boriti, hasa pale inapolala juu ya ukuta. Kisu kikizama kama kwenye kiazi kilichopikwa, boriti hiyo itolewe. Aangalie pia fito. Vibao vilipigiliwa kwenye fito zilizokaribiana, na hazikuhitaji kunyooka sana. Mabati yanataka mbao zilizo sawa, la sivyo yanapinda na kuvuja.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni uzito. Paa la vibao ni zito, linajikalia lenyewe. Mabati ni mepesi, na upepo ukiingia chini yake unaweza kuondoka na paa lote pamoja na mbao. Kila boriti ifungwe kwa waya mzito au ukanda wa chuma. Kama nyumba ni ya udongo, fungeni kwenye nguzo zenyewe, kwa sababu udongo haushiki kitu.

Wakati wa kupima, msipime sakafu. Paa la vibao lina mteremko mkali, kwa hivyo pimeni mteremko wenyewe, mkiongeza sentimita 15 kila bati linapolalia lingine. Ongezeni pia sentimita 60 za kutokeza nje ya ukuta. Watu hupunguza hapo ili kuokoa bati, halafu ukuta wa udongo unaliwa na mvua. Dukani kumbukeni kwamba namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Kwa mvua yetu ya mawe, hiyo si tofauti ndogo. Misumari ipigwe juu ya mgongo wa bati, si bondeni ambamo maji yanapita.

Na gata je? Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1 ya maji. Nyumba ya mita 8 kwa 6, ikinyeshewa milimita 25, inapata lita 1,200. Hata mkipoteza kiasi, hayo ni karibu madebe 50 ambayo mama hatayabeba kutoka mtoni.

Msing'oe kibao hata kimoja kabla mbao, waya, misumari na mabati yote hayajafika nyumbani. Mwezi wa 1 na wa 2 mvua hupungua kidogo. Hata hivyo fungueni upande mmoja, mwufunike, ndipo mfungue wa pili. Kogo akisema vibao vya mzee visitupwe, msimcheke. Vilivyo vizima vitaezeka nyumba ya kuku.

Maswali ya kuzungumza kikundini: Zamu ya mtu ikifika, je, tunampa pesa za mabati tu, au tunahesabu paa lote pamoja na mbao na gata? Bonasi ikiingia kwa jina la baba, mama aliyechuma chai anakaa kwenye hesabu hiyo? Na mjane asiye na kijana wa kupanda juu, ni nani kati yetu atapeleka ngazi kwake, na siku gani?