Simamisha Saa, Inua Mkono

Haya nawaandikia wachezaji wa sataranji wa Kariakoo, Gerezani, Ilala na Upanga, hasa ninyi mliokulia kwenye drafti. Kucheza mnajua. Kudai haki mbele ya mwamuzi hamjui, na pointi zinazowaponyoka kwa sababu hiyo zinaniuma kuliko zile mnazofungwa kihalali.

Kwenye baraza la drafti, ubishi huamuliwa na sauti. Watu kumi wamezunguka ubao, kila mmoja kaona lake, na mwenye watetezi wengi ndiye huondoka na haki. Ukumbi wa mashindano hauendi hivyo. Humo haki yako ina dakika yake ya kudaiwa. Dakika hiyo ikipita, hata kama ukumbi mzima umeona, basi tena.

Usiguse kete yako kabla ya kudai. Mpinzani kamgusa farasi, kamwacha, kamcheza malkia. Kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, ziko wazi: aliyegusa kete yake kwa makusudi, na kete hiyo ina pa kwenda, sharti aicheze hiyohiyo. Lakini kanuni hizohizo zinasema kwamba wewe nawe ukishagusa kete kwa makusudi, umeshapoteza haki ya kulalamika. Kila mashindano namwona kijana anajibu kwanza, anabonyeza saa, ndipo anageuka: "Mwamuzi, huyu alimgusa farasi!" Mimi mwenyewe nilipoteza mchezo wa raundi ya mwisho hivyohivyo. Mwamuzi aliniuliza swali moja tu, kama nimeshacheza. Nilikuwa nimeshacheza. Na kama kete imekaa upande, sema kwanza "narekebisha", kwa sauti inayosikika, zamu ikiwa yako, ndipo uiguse.

Simamisha saa, inua mkono, kaa. Kanuni inakuruhusu kuzisimamisha saa zote mbili unapomhitaji mwamuzi. Usizisimamishe ili upate nafasi ya kufikiri. Mwamuzi mzoefu hulitambua hilo mara moja na atakuadhibu. Wala usiinuke kumfuata mezani kwake. Ukiondoka, ubao umemwachia mpinzani peke yake, na kete zikisogea utamthibitishia nani?

Sema kilichotokea, kisha unachodai, halafu nyamaza. "Amemgusa farasi, akamcheza malkia. Nadai amcheze farasi." Imetosha. Usianze na habari za tangu asubuhi, wala mwaka jana, wala jinsi klabu yao ilivyo. Mpinzani akikana na hakuna aliyeona, mwamuzi hawezi kukupa ushindi kwa sababu tu wewe ni mkweli. Hilo linauma, nalijua. Cheza.

Andika kabla ya kudai sare. Hapa ndipo wa drafti wanapoumia zaidi, kwa sababu drafti hatuandiki. Hali ileile ya ubao ikijitokeza mara ya tatu, zamu ikiwa ya mchezaji yuleyule, una haki ya kudai sare. Si lazima ijirudie mfululizo. Ikiwa ni mwendo wako ndio utakaoileta hali hiyo, uandike kwenye karatasi, usiucheze, mwite mwamuzi umwambie. Ukiucheza kwanza, zamu si yako tena na dai halipo. Ukidai kimakosa, mpinzani huongezewa dakika mbili na ule mwendo ulioandika lazima uucheze. Kwa hiyo hesabu kwenye karatasi yako, usihesabu kwa hisia. Ikijirudia mara tano, mwamuzi humaliza mchezo bila kuombwa, lakini usikae kusubiri huko wakati saa yako inaisha.

Usiulete mtaa ukumbini. Kaka yako, kocha wako, mzazi wako, wote hawana sauti kwenye mchezo wako. Mtazamaji akiona kosa anaweza kumwambia mwamuzi peke yake, basi. Mzazi anayepiga kelele nyuma ya kiti cha mwanawe anamwaibisha mtoto na anaweza kutolewa nje. Na ninyi watu wazima: mwamuzi akiwa binti wa miaka 22, hapo mezani si binti yenu. Nimesikia mzee wa heshima akimwambia mwamuzi, "Wewe mtoto, mimi nimeanza kucheza kabla hujazaliwa." Hata kama ni kweli, haihusiani na farasi aliyeguswa. Mwite mwamuzi. Yeye ataendelea kukuamkia shikamoo mkitoka nje.

Usigome. Naomba mnisikilize hapa kuliko pengine pote, kwa sababu najua tumelelewa wapi. Tarehe 8 Mei 2021 mechi ya soka ya watani wa jadi, Simba na Yanga, ilipangwa saa 11 jioni, ikasogezwa hadi saa 1 usiku siku ileile. Yanga wakafika uwanjani kwa ratiba ya awali, wakaondoka, mechi haikuchezwa. Ilichezwa tarehe 3 Julai na Yanga wakashinda 1–0. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia kodi, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Mtoto wa Mtaa wa Kongo ameyaona hayo kwa macho yake, akajifunza kwamba ukikataa kuendelea, wakubwa watakuja.

Lakini klabu ina mamilioni ya mashabiki, na soko lina maelfu ya maduka. Ubaoni uko peke yako na saa inatembea. Desemba 2017, kwenye ubingwa wa dunia wa michezo ya dakika chache mjini Riyadh, Ernesto Inarkiev wa Urusi alikuwa na mfalme anayeshambuliwa. Badala ya kumwokoa, naye akamshambulia mfalme wa Magnus Carlsen, mwendo usio halali. Carlsen akamsogeza mfalme wake. Hapo Inarkiev akasimamisha saa na kudai kuwa Carlsen ndiye aliyekosea, na mwamuzi aliyekuwa karibu akampa ushindi. Carlsen akapeleka suala kwa mwamuzi mkuu, ambaye aliagiza mchezo uendelee kutoka pale ulipofika. Inarkiev akakataa kuendelea. Akahesabiwa ameshindwa, na rufaa yake ikatupwa. Angalieni vizuri: aliyeanza kuonewa ni Carlsen, na alichofanya ni kupanda ngazi moja. Aliyegoma ndiye aliyetoka mikono mitupu.

Najua mtanijibu kwamba Carlsen huyohuyo aligoma kubadilisha suruali ya jinzi kwenye mashindano mjini New York, Desemba 2024. Ndiyo. Alitozwa faini ya dola 200, akakataa kubadilisha siku ile, hakupangiwa mpinzani raundi ya tisa, akajitoa. Baadaye masharti ya mavazi yakalegezwa, naye akarudi kwa michezo ya dakika chache. Huyo ni namba moja wa dunia, na mashindano yanamhitaji kuliko yeye anavyoyahitaji. Mashindano unayocheza wewe hayatabadilisha kanuni kwa sababu umevuta kiti ukatoka.

Usimwite mtu mwizi. Hata ukiwa na hakika. Mtaani kwetu neno hilo likitamkwa kwa sauti, mawe hayachelewi, na kila mwenye umri wangu Kariakoo ameona mwisho wake. Ukumbini halirushi mawe, ila linabaki na jina la mtu kwa miaka. Ukishuku kwamba mpinzani anasaidiwa na simu au na mtu, mwite mwamuzi pembeni, mweleze ulichokiona, uwe tayari kukiandika. Tuhuma isiyo na msingi nayo huadhibiwa.

Aprili 2023 kwenye mashindano ya wazi ya Kenya mjini Nairobi, mwanafunzi wa kiume wa chuo kikuu alijiandikisha kwa jina la kike upande wa wanawake, akacheza amevaa baibui na nikabu bila kusema neno. Wasimamizi walishuku, lakini hawakumvua nikabu mbele ya watu. Raundi ya nne walimpeleka faragha, wakamwomba kitambulisho, akakiri. Pointi zake zikaondolewa. Fikiria kama angekuwa kweli ni mwanamke aliyejisitiri, na mtu mmoja amepayuka ukumbini.

Zima simu. Izime kabisa na mwamuzi ajue iko wapi. Usiseme unasubiri muamala wa mteja. Ikitoa mlio, kwa kanuni umepoteza mchezo, na sitaki kusikia mtu akimlaumu mwamuzi kwa hilo.

Kata rufaa kwa maandishi, na mapema. Uamuzi wa mwamuzi unaweza kukatiwa rufaa hata kama umeshatia saini karatasi, isipokuwa kanuni za mashindano hayo zimesema vingine. Ndiyo maana ukifika asubuhi uzisome: rufaa inapokelewa ndani ya dakika ngapi, dhamana ni shilingi ngapi, nani wako kwenye kamati. Andika raundi, namba ya meza, saa zilisoma ngapi, hali ya kete, alichoamua mwamuzi na unachoomba. Usiandike kwamba mwamuzi ana chuki nawe. Kamati haiwezi kupima chuki, inaweza kupima kanuni.

Matokeo yakiwa yameandikwa kinyume, usitie saini kwanza. Karatasi yenye saini mbili husimama hata ikiwa na kosa, mpaka mwamuzi aamue vingine.

Wakati rufaa inasubiri, usikae ngazini kuwasimulia watu. Kunywa maji. Raundi ijayo ukiwa umepangiwa kwa mwamuzi yuleyule, msalimie kama ulivyomsalimia asubuhi, angalia saa imewekwa dakika sahihi, andika jina lako juu ya karatasi mpya.